Rivolva ya Mtumba: Kabla Utoe Doo, Jua Unanunua Historia ya Nani

Kila mara picha ya msee amechomeka bastola kiunoni ikizunguka mtandaoni, kelele huwa ni zile zile. Nani alimpea leseni? Kwani anaogopa nani? Swali moja hupita bila mtu kuliuliza: huo mchuma ulikuwa wa nani kabla yake?

Hapa Kenya hilo swali ni mob. Small Arms Survey walikadiria kuwa mwaka 2017 raia walikuwa na silaha karibu 750,000, na nyingi zaidi hazikuwa zimesajiliwa. Serikali imechoma zaidi ya silaha 5,000 pale Ngong mwaka 2016, halafu ikarudia 2021. Mwisho wa 2018, hata wenye leseni waliambiwa waende wahakikiwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Ukiweka hizo pamoja unaona picha: karatasi ni kidogo, chuma ni nyingi.

Na kati ya hizo zote, rivolva ya zamani ndiyo inadanganya watu zaidi. Ile bastola ya silinda inayozunguka, yenye tundu tano ama sita za risasi. Haina mambo mengi, haikwami ovyo, na ikitunzwa inaweza kupiga miaka 70 baada ya kutoka kiwandani. Mwenyewe anazeeka, anakufa, chuma inabaki. Ndio maana inapita mkono hadi mkono, na ndio maana bei yake inaonekana tamu.

Karatasi kwanza, chuma baadaye

Sheria ya silaha, Sura ya 114, haina kona. Hauruhusiwi kununua ama kukaa na bunduki bila cheti, na muuzaji haruhusiwi kukukabidhi kama hauna. Cheti chenyewe hutaja silaha fulani. Si tikiti ya kuingia nayo popote na mchuma wowote.

Kwa hivyo mtu akikuambia "chukua sai, karatasi tutasort baadaye," hapo hakuna dili. Huyo hauzi bastola, anakuuzia kesi. Kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwa risasi, na wataalamu wa polisi huisoma kama alama za vidole. Kama hiyo rivolva ilitumika kwa wizi miaka kumi iliyopita, faili bado iko. Siku itapatikana kwako, wewe ndio utaeleza.

Soma namba

Tuseme uko na cheti na uko kwa dila mwenye leseni. Kwanza afungue silinda, wewe mwenyewe uone tundu zote ziko tupu. Halafu soma namba. Kwa Smith & Wesson za zamani huwa iko chini ya mpini, na mara nyingi inarudiwa nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Zikikosa kufanana, hiyo ni bastola mbili zimeunganishwa. Kama namba imekwaruzwa ama kusagwa, rudisha mezani utoke. Hakuna bei ya kuokoa hiyo.

Herufi za kampuni zikikaa kama sabuni iliyotumika, kingo zimeyeyuka, jua imepigwa msasa na kupakwa rangi upya. Vichwa vya skrubu vikiwa vimeliwa, kuna fundi wa mtaa aliifungua. Kung'aa si kuwa nzima.

Inakula risasi gani?

Hapa ndio watu huumia. Kenya ilikuwa koloni ya Mwingereza hadi 1963, na jeshi lake lilibeba Webley Mk VI kuanzia 1915, Enfield No. 2 kuanzia miaka ya 1930, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia likaletewa Smith & Wesson kutoka Marekani, zenye herufi V mbele ya namba. Hizo za V zilizoenda kwa Mwingereza zilitengenezewa risasi fupi ya .38/200. Baada ya vita, nyingi zilichimbwa tundu ziingie .38 Special, ambayo ni ndefu na nyembamba kidogo. Inaingia, ndio, lakini ganda linavimba na linaweza kupasuka.

Webley nayo, nyingi zilikatwa nyuma ya silinda ili zikule .45 ACP, risasi yenye presha ya juu kuliko ile bastola iliundiwa. Risasi kuingia haimaanishi ni yake. Fundi apime tundu, asiangalie tu maandishi.

Vitu tano za kucheki

Ikiwa tupu, na dila akubali, fanya hivi:

1. Vuta nyundo polepole na kidole gumba. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo ifike mwisho. Rudia kwa kila tundu, juu moja ikichelewa risasi haitalingana na mtutu.

2. Nyundo ikiwa juu, isukume mbele kwa gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, hiyo ni ajali inangoja tarehe.

3. Shika silinda uitingishe, kando kwa kando, halafu mbele na nyuma. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikipiga kelele kama mlango wa mathree, wachana nayo.

4. Angalia nafasi kati ya silinda na mtutu. Ya kawaida ni kama milimita 0.1 hadi 0.25. Ikizidi sana, moto na vipande vya risasi vinatokea kando.

5. Mulika ndani ya mtutu. Mashimo ya kutu ni mbaya. Duara jeusi linalozunguka ukuta ni mbaya zaidi, juu pengine risasi iliwahi kukwama na nyingine ikafuata. Cheki pia mdomo wa mtutu upande wa silinda kama una ufa.

Sasa shida yenyewe

Vile naona, tunabishana sana kuhusu nani anastahili bastola, na hatubongi kuhusu zile ziko tayari majumbani. Guka amefariki, sanduku linafunguliwa, kuna rivolva imefungwa kwa kitambaa. Kijana wa nyumba anaona doo ya haraka. Anapiga picha, anatupa kwa grupu ya WhatsApp. Kwa hilo tendo moja, mchuma uliokuwa na jina la mtu kwa rejista unapotea, na siku utarudi utakuwa umeshikiwa mtu kichwani, pengine wewe kwa steji ya mat usiku.

Familia ikipata kitu kama hicho, isiguswe ovyo. Pigieni kituo cha polisi wakuje waichukue na waandike, halafu muulize njia halali ya kuirithi ama kuiuza. Ni mzunguko mrefu na unachosha, lakini doo ikipotea utatafuta ingine. Jina lako likiingia kwa faili ya mauaji, kulitoa huko ni ngori.

Wewe ungepata rivolva ya guka kwa sanduku, ungefanya nini? Bonga nasi.