Kifua cha Baba

Alitujia wiki iliyopita, baada ya Swala ya Alasiri, kijana mmoja miongoni mwa waumini wa msikiti wetu. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto njiti kwa upasuaji na hajarejewa na nguvu. Wauguzi wakamtaka baba avue shati, amweke mtoto kifuani. Bibi wa mtoto akakataa katakata: hiyo si kazi ya mwanamume, tena mtoto atazoea mikono. “Ustadhi, nifuate lipi?”

Tulimjibu: vua shati.

Huu si mtindo wa wenye nazo. Ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipozidiwa na uhaba wa mashine za joto na maambukizi wodini, akawaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka upesi. Kifuani hupata joto, pumzi hutulia, na hunyonya mapema. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, ulionyesha kuwa kuanza mara tu mtoto azaliwapo, bila kungoja hali yake itengemae, kulipunguza vifo kwa robo. Shirika la Afya Duniani linashauri abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku. Ni mama gani aliyetoka kupasuliwa awezaye hayo peke yake?

Ama hilo la kuzoea mikono, mtoto mchanga hajui kujituliza. Hulia, akashikwa, akalia tena, akashikwa. Ndivyo ajuavyo kuwa yupo wa kumtegemea. Huko si kudeka.

Kisa cha Al-Aqra bin Habis, aliyekuwa na watoto kumi asimbusu hata mmoja, hatuachi kukisimulia mimbarini. Tukifika nyumbani tunakisahau, na sisi tumo.

Mtoto huvikwa nepi, kofia na soksi tu, akasimamishwa kifuani, uso umegeuzwa upande ili pua isizibwe, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha akafungwa kwa kanga.

Jumatano kijana alirudi. Kanga, alisema, alifungwa na mama yake mwenyewe, huku akinung’unika.