Dead Space 2 imeizidi ya kwanza

Mimi nasema gemu ya Dead Space 2 (2011) imeipiku ile ya 2008, na sababu kubwa ni mhusika mkuu, Isaac. Safari hii anaongea, anafoka, anabishana na mzuka wa mpenzi wake Nicole kichwani mwake, kwa hiyo ukimwongoza unahisi unamwokoa mtu. Halafu kile kipande cha kurudi ndani ya Ishimura, ile meli ya gemu ya kwanza! Korido zimefunikwa kwa plastiki, unatembea weee bila adui hata mmoja kutokea, na kidole hakibanduki kwenye kitufe cha kulenga. Hapo ndipo woga wenyewe ulipo. Ile mashine ya sindano ya jicho siisimulii, ambao hamjafika mtaikuta wenyewe. Wadau, chezeni usiku, vaeni hedifoni, na lengeni mikono na miguu, maana kukata kichwa peke yake hakuwaui wale maadui.