Siku Saba Hazitoshi



Naomba nafasi kidogo niseme juu ya miguu. Reli haifiki kwetu Garissa, lakini watoto wa Garissa tunaofanya kazi relini tupo. Miaka 12 nimesimama juu ya saruji ya karakana, na miguu ikanitoka mishipa minene kama kamba.

Watu hudhani hayo ni maradhi ya wazee. Sivyo. Ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni mna vilango vidogo vya kuizuia damu isishuke tena. Vikilegea, damu hukaa mguuni, mshipa huvimba, mguu huwa mzito, na mwisho wake huweza kuwa kidonda karibu na kifundo, kisichopona upesi. Wengine hurithi kwa wazazi, lakini kusimama kutwa huzidisha taabu.

Nilipasuliwa Nairobi. Daktari alikata kidogo kwenye kinena na karibu na goti, akaufunga mshipa mbovu, akauvuta nje. Damu hupita katika mishipa mingine ya ndani iliyo mizima. Jioni ile ile nilitembea. Siku hizi hospitali nyingine huuchoma mshipa kwa ndani bila kuung'oa.

Basi kisu si taabu. Taabu ni baadaye. Niliagizwa nitembee kila siku, nivae soksi za kubana, niinue miguu nikikaa, nisisimame muda mrefu. Aliponiruhusu kwenda kupumzika nyumbani, safari ya kilomita karibu 370, alinionya nisikae kitini njia nzima. Mwingi nikashuka nikatembea. Damu ikiganda mguuni huweza kupanda mapafuni na kuua. Mguu ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kwa mwaka mzima, tena kwa cheti cha daktari. Mtu wa kazi ya kusimama na kuinua vizito huhitaji wiki mbili, hata tatu. Siku ya 15 nilikuwa juu ya saruji tena, paja bado jeusi kwa vilio vya damu. Sikuwa shujaa. Nilidaiwa kodi ya nyumba.

Lakini sheria inasema siku hizo zisipungue, haikusema zisizidi. Kuzizidisha ni kazi ya mapatano ya chama. Rai yangu ni hii: tudai wiki 3 za mshahara kamili kwa aliyepasuliwa, kisha kazi ya kukaa mpaka apone. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke viti kwa wanaofanya kazi wakiwa wamesimama, wapate kupumzika nafasi ikitokea. Kazini kwako viko vingapi? Vihesabu kesho, ulete idadi mkutanoni.

Wengine watasema chama kina mambo makubwa kuliko miguu. Nawajibu: mshahara tunaougombania huletwa na miguu hiyo hiyo.

Ndugu yenu wa karakana