Kompyuta ya Zahanati Nayo Huzeeka: Tubaki na Windows 10 au Tuhame?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa umetumika duniani tangu Julai 2015. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika. Katika zahanati za Segerea, Tabata na Kinyerezi makarani waliwasha mashine zao kama kawaida, wakasajili wagonjwa, wakachapa risiti na kuandaa madai ya bima. Kwa kuwa hakuna kilichoharibika, wengi walihitimisha kwamba hakuna kilichobadilika. Makala haya yanapinga hitimisho hilo, na vilevile yanapinga hofu ya upande wa pili, inayowaambia wamiliki wa zahanati watupe kila walichonacho na kununua kipya.

Maoni yangu ni haya: kuhama au kutohama ni uamuzi wa huduma ya afya, hivyo unapaswa kufanywa na mganga mfawidhi pamoja na watumishi wake, fundi wa kompyuta akiwa mshauri. Uamuzi huo ufanywe kwa mashine moja moja, kwa kuuliza maswali mawili: je, kompyuta hii ina taarifa za wagonjwa? Je, imeunganishwa na intaneti? Pale ambapo jibu la maswali yote mawili ni ndiyo, kuendelea na mfumo usiopata masasisho ni kumweka mgonjwa katika hatari ambayo hakuikubali wala hakuambiwa.

Ni nini hasa kilichokoma?

Mfumo endeshi ni programu mama inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Ni kazi ya binadamu, na kama kazi yoyote ya binadamu ina kasoro. Kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ambayo mhalifu anaweza kuyapitia, na mtengenezaji hutoa viraka vya kuyaziba. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inaendelea kupata viraka hivyo. Tatizo ni kwamba mifumo hii miwili ina sehemu nyingi zinazofanana. Kila kiraka cha Windows 11 kinapotolewa, wadukuzi hukichunguza, hutambua tundu lililozibwa, kisha hulitafuta katika Windows 10 ambako huenda limebaki wazi. Ndiyo maana hatari ya mfumo ulioachwa haibaki palepale; huongezeka kadiri miezi inavyopita.

Wapo wanaojibu kwamba kompyuta zao zina programu ya kuzuia virusi. Ni kweli, na Microsoft imeahidi kuendelea kuipatia Defender ya Windows 10 taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Lakini kazi hizi mbili ni tofauti. Programu ya kuzuia virusi humtambua mhalifu ambaye sura yake inajulikana. Kiraka huziba tundu analopitia. Mlinzi hodari langoni hasaidii sana ikiwa ukuta wa nyuma umebomoka.

Waliotutangulia kuumia

Tarehe 12 Mei 2017 programu haramu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani, ikifunga mafaili na kudai fidia ili kuyafungua. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliumia vibaya. Nchini England taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazosimamia hospitali ziliathirika, pamoja na kliniki 595 za madaktari wa familia, na ilikadiriwa kwamba miadi ipatayo 19,000 ilifutwa. Baadhi ya hospitali zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, siku 59 kabla. Wakati ule lawama nyingi ziliangukia Windows XP, mfumo ambao ulikuwa umeachwa tangu Aprili 2014. Uchunguzi wa mkaguzi mkuu wa Uingereza ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya mashine zilizoambukizwa zilitumia Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, ila viraka havikuwa vimewekwa.

Ireland nayo ilipata pigo lake tarehe 14 Mei 2021. Wadukuzi waliingia katika mtandao wa huduma ya afya ya umma kupitia faili ya Excel iliyoambatishwa kwenye barua pepe, na nchi nzima madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Ripoti iliyofuata ilibainisha kuwa huduma hiyo ilikuwa na takriban mashine 30,000 zenye Windows 7, mwaka mmoja na zaidi baada ya mfumo huo kuachwa.

Mifano hii ina somo lenye pande mbili. Kubaki na mfumo ulioachwa ni hatari. Lakini kuwa na mfumo mpya pasipo kuweka masasisho na pasipo tahadhari ya watumiaji hakumwokoi mtu. Anayehama leo kisha akazima masasisho ili kuokoa bando la intaneti atakuwa amebadili sura ya skrini tu.

Hali yetu Segerea

Msomaji anaweza kusema kuwa zahanati yenye kompyuta tatu haimvutii mdukuzi wa ng'ambo. Programu kama WannaCry haikuchagua wa kumshambulia. Ilijisambaza yenyewe hadi kwenye kila mashine iliyokuta wazi. Isitoshe, udogo wetu una udhaifu wake. Katika vituo vingi kompyuta moja ndiyo mapokezi, ndiyo hesabu, ndiyo bima. Kompyuta hiyohiyo hufunguliwa WhatsApp ili kupokea majibu ya vipimo, na huchomekwa flashi iliyotoka katika duka la kuchapisha nyaraka mtaani. Ikifungwa na programu haramu, hakuna idara ya teknolojia ya kuikimbilia, na mara nyingi hakuna nakala rudufu.

Kinachopotea hapo ni zaidi ya mafaili. Ni rekodi ya mama mjamzito aliyewahi kupata kifafa cha mimba, ya mzee asiyevumilia penisilini, ya mtoto mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara mbili. Na kinachovuja ni kibaya kuliko kinachopotea. Mtu anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo ya VVU ametukabidhi siri inayoweza kuvunja ndoa yake au kumfukuzisha nyumba aliyopanga. Rekodi iliyofutika inaweza kuandikwa upya; siri iliyotoka hairudishiki.

Sheria imelitambua jambo hili. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa anayeishi na VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na inamtaka anayezikusanya azilinde zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika. Zahanati binafsi yenye vyumba vinne nayo inakusanya taarifa hizo, na wajibu huo unaigusa kama unavyoigusa hospitali ya rufaa.

Hoja ya fedha

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la fedha. Mganga mfawidhi atauliza: fedha ya kompyuta mpya si ndiyo ileile ya dawa, vitendanishi na mishahara? Swali hili ni halali, na anayelipuuza hajawahi kuendesha zahanati. Jibu langu ni kwamba si kila mashine inahitaji kununuliwa upya. Zigawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kompyuta zinazoweza kuhamia Windows 11. Yenye Windows 10 halali huhama bila malipo. Inatakiwa iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakataji kinachokubalika. Kwa Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha nane. Kizazi husomeka katika namba: i5-7200U ni ya kizazi cha saba na haikubaliki, i5-8250U ni ya nane na inakubalika. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check hutoa jibu kwa dakika chache. Anayenunua mashine iliyotumika Kariakoo aisome namba hiyo kabla ya kutoa fedha. Aidha, amkatae fundi anayejigamba kuwa anaweza kuilazimisha Windows 11 ikubali katika mashine isiyostahili, kwa kuwa Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Kundi la pili ni kompyuta zisizoweza kuhama. Kwa taasisi, Microsoft inauza masasisho ya ziada kwa muda usiozidi miaka mitatu: dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Jumla yake ni dola 427, na anayeingia mwaka wa pili hulipia pia wa kwanza. Linganisha kiasi hicho na bei ya mashine iliyotumika inayokubalika. Mara nyingi kulipia mwaka mmoja kuna mantiki kama njia ya kununua muda. Kulipia mitatu ni vigumu kukutetea. Mpango wa watu binafsi unaokwisha tarehe 13 Oktoba 2026 haukukusudiwa shughuli za biashara.

Njia nyingine ni kuweka mfumo huria kama Ubuntu, ambao ni wa bure. Toleo lake la 24.04 linapata masasisho hadi mwaka 2029. Mifumo huria si mgeni nchini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye Kiswahili kitupu. Ikiwa kazi zote za mashine hufanyika ndani ya kivinjari, karani ataizoea baada ya siku chache. Lakini jaribu kwanza printa, kifaa cha kusoma alama za vidole na programu ya hesabu, maana huenda kimojawapo kikakataa.

Kundi la tatu ni kompyuta zinazoendesha vifaa vya maabara na picha. Hizi zisiguswe kwa pupa. Mashine ya kuchambua damu iliyothibitishwa na mtengenezaji kwa toleo fulani inaweza kugoma, au kushindwa kutuma majibu, baada ya mfumo kubadilishwa. Wasiliana na msambazaji kwa maandishi. Huenda mashine hiyo ina toleo maalumu la Windows 10 la vifaa; toleo la IoT LTSC 2021, kwa mfano, linahudumiwa hadi Januari 2032. Wakati ukisubiri jibu, itenge na intaneti na usiruhusu flashi za kigeni.

Namna ya kuhama

Anza na nakala rudufu mbili za taarifa zote, moja ikiwa kwenye diski ya nje iliyochomolewa na kufungiwa kabatini. Jaribu kuirejesha nakala hiyo katika mashine nyingine, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu. Hamisha mashine moja yenye kazi ndogo, iangalie kwa wiki mbili, kisha endelea. Chagua siku yenye wagonjwa wachache, hakikisha LUKU ina umeme wa kutosha na kuna betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza kuharibika. Tenga bando, maana upakuaji hula gigabaiti kadhaa. Weka karibu daftari na fomu za karatasi ili huduma isisimame.

Nawe mgonjwa una nafasi yako. Hifadhi kadi yako ya kliniki na nakala za majibu yako ya vipimo. Una haki ya kuuliza kwa adabu taarifa zako zinatunzwaje na nani anaziona. Mhudumu anayeulizwa asione kuwa amedharauliwa. Swali hilo ni sawa na lile la kuuliza kama sindano ni mpya, ambalo leo hakuna anayelishangaa.

Jokofu la chanjo hatulisubiri ligome ndipo tulitazame. Joto lake hupimwa na kuandikwa mara mbili kwa siku, na hakuna anayesema kazi hiyo ni ya fundi. Kompyuta inayobeba siri za wagonjwa inastahili sehemu ndogo ya nidhamu hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kuanzia, kila mganga mfawidhi aandike mwezi huu katika karatasi moja kompyuta zote za kituo chake, kundi la kila moja, na tarehe ambayo kila moja itakuwa imehamishwa, imetengwa au imestaafishwa. Karatasi hiyo haigharimu chochote, na bila hiyo hakuna bajeti itakayoeleweka.