Pima Mtutu Kwanza, Ndipo Uiminye Risasi

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na huko Marekani bado wako watu wengi ambao kwao vitu hivyo viwili ni kimoja. Mtu hukaa gerejini na chungu cha umeme, akayeyusha vipande vya risasi ya madini, akaimimina ndani ya kalibu, akaifungua, na vichwa vya risasi za bastola vikadondoka juu ya taulo vikiwa bado vinachoma. Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo haimdai leseni anayejitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe; Kenya na Tanzania hiyo ingekuwa kesi. Swali linalowagawa wasubuji hawa laonekana dogo. Kichwa kikishapoa, je, kisukumwe kwa nguvu kupitia tundu la chuma lenye kipimo maalumu, kiminywe hadi kipenyo kilichokusudiwa, au kipachikwe kwenye ganda kama kilivyotoka kwenye kalibu? Msimamo wangu ni kwamba kuminya kwa mazoea, kabla hujajua mtutu wako una upana gani, huharibu risasi nyingi kuliko kunazozirekebisha.

Ndani ya mtutu wa bastola mna mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo risasi inatakiwa iijaze hadi chini. Ikiwa nyembamba kuliko nafasi hiyo, gesi ya baruti hupita ubavuni mwake, ikaula ubavu huo, na madini yakapakazwa kwenye chuma. Anayechungulia mtutu baadaye huona utando wa kijivu, na kuutoa ni kazi ya kusugua kwa brashi iliyozungushiwa nyuzi za shaba mpaka mkono uchoke. Wengi hapo hulaumu ulaini wa madini au grisi waliyopaka, wakaenda kutafuta mchanganyiko mgumu zaidi, ilhali shida ilikuwa unene tu. Desturi waliyoifikia wazoefu ni kichwa kizidi kipenyo cha mifuo kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, yaani kati ya milimita 0.025 na 0.05. Hata unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo.

Kwa kiasi kidogo hivyo, jina lililoandikwa kwenye bastola halitoshi kuwa kipimo. Risasi ya .38 Special haina upana wa inchi 0.38, ina kama 0.357 au 0.358. Bastola za .45 Colt zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa na mifuo ya takriban inchi 0.454, na za baada ya vita zikashuka hadi karibu 0.451 au 0.452, ingawa jina halikubadilika. (Wanaisimu wengi huona kwamba kalibu yetu na kaliba ya bunduki zimetoka kwenye neno lilelile la Kiarabu, lakini ndugu wawili hao hawajawahi kukubaliana vipimo.) Na kalibu nayo haitoi kipenyo kimoja daima. Risasi tupu hunywea zaidi inapopoa, ile iliyochanganywa na antimoni hunywea kidogo, hivyo ukibadilisha mchanganyiko umebadilisha unene. Sasa mchukue mwenye bastola ya milimita 9 ambayo mifuo yake ni inchi 0.357. Kalibu yake inamtolea vichwa vya 0.358, ambavyo ndivyo hasa anavyovihitaji. Yeye amenunua tundu la 0.356 kwa sababu ndilo linalouzwa kwa bastola za aina hiyo, akavipitisha vyote, na jioni yake yote ikaishia kutengeneza risasi zinazopwaya.

Wapo wanaojibu kwamba risasi ni laini, baruti ikilipuka itaisukuma mgongoni itanuke yenyewe ijaze mifuo. Jibu hilo lina historia. Mfaransa Claude-Étienne Minié alijulikana katikati ya karne ya 19 kwa risasi yenye kitako chenye shimo, kinachotanuliwa na gesi. Lakini ile ilikuwa risasi laini, na shimo lile ndilo lililofanya kazi. Mchanganyiko mgumu wa siku hizi, ukisukumwa na baruti kidogo ya kulengea shabaha, unaweza kupita mtutuni bila kutanuka vya kutosha.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya chemba, yaani nafasi ambamo risasi nzima na ganda lake hukaa kabla ya kupigwa. Kichwa kinene kikipachikwa huvimbisha ganda, na bastola inayojipakia yenyewe hukataa kujifunga. Hilo nalikubali, na anayekutana nalo aminye bila kusita. Aminye pia aliyevipaka vichwa vyake rangi ya unga na kuvioka, maana ngozi ile huongeza unene, na yule ambaye nusu mbili za kalibu yake hazikutani sawasawa, hata vichwa vikatoka vya yai badala ya duara. Hata hivyo, wote hao wanahitaji tundu pana kidogo kuliko mifuo ya mtutu wao, na hawatalijua kabla hawajapima. Kwenye bastola ya silinda kuna jambo moja zaidi: koo za silinda, yaani midomo ya mbele ya chemba zake, nazo huminya. Zikiwa nyembamba kuliko mtutu, unene wowote uliouhifadhi mezani utapotea kabla risasi haijaufikia mfuo wa kwanza, na dawa yake ni fundi wa kuzipanua koo hizo.

Kupima kwenyewe hakuna gharama: bastola ikiwa tupu, kipande cha risasi laini husukumwa polepole mtutuni, kikatoka na alama za mifuo, kikapimwa kwa mikromita. Usumbufu upo kwenye mitutu yenye mifuo mitano, kwani hakuna mfuo unaotazamana na mwenzake na mikromita ya kawaida itasoma pungufu. Mwenye mtutu wa namna hiyo apige risasi chache zisizominywa, mradi zinaingia chembani bila kulazimishwa, kisha apige nyingine zilizominywa, na kila mara achungulie kama utando wa kijivu umeanza.