Ilani ya Wasio na Ajira

Sisi ni vibarua, walinzi, wahudumu wa hoteli, wahitimu wa vyuo na wafanyakazi waliopunguzwa kazini. Tunaanzisha vuguvugu hili Dar es Salaam kwa dai moja: anayekosa kazi asikose haki.

Ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania inataja haki ya kufanya kazi na haki ya kupata msaada wa jamii mtu anapokuwa hajiwezi. Ibara ya 7 inasema sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo haitekelezwi na mahakama. Basi kwa asiye na kazi, haki hizo zimebaki kwenye karatasi.

Tangu 2018 lipo fao la kukosa ajira. Ni hatua, na tunaitambua. Lakini hulipa theluthi ya mshahara kwa miezi 6 tu, na sharti uwe umechangia mfuko wa hifadhi ya jamii miezi 18. Nenda alfajiri kwenye mageti ya viwanda vya Vingunguti: msimamizi ananyoosha kidole, "wewe, wewe na wewe", waliobaki wanarudi. Aliyeingia hulipwa jioni mkononi, bila mkataba wala mchango. Huyo miezi 18 ataifikisha lini? Mwenzake mwenye mkataba naye akiachishwa, hutakiwa kuleta barua ya mwajiri aliyekwisha kufunga geti na hapokei simu.

Kwa hiyo tunadai:

1. Sharti la miezi 18 lishuke hadi 6, na siku za kibarua zijumlishwe hata zikiwa kwa waajiri tofauti.
2. Fao liwe nusu ya mshahara, kwa miezi 12.
3. Mwajiri asipowasilisha michango, mfuko umlipe mfanyakazi kwanza, kisha umdai mwajiri.
4. Anayepokea fao asome kwenye vyuo vya ufundi vya VETA bila ada.
5. Haki ya msaada iweze kudaiwa mahakamani.

Mkituuliza fedha zitoke wapi, tunajibu: anzeni na ile asilimia 20 ya mshahara ambayo waajiri wakwepaji hawaipeleki kwenye mfuko.

Nasi tunaahidi kumsindikiza kila mwenzetu hadi kwenye dirisha la mfuko, kumwandikia rufaa akinyimwa, na kutomwacha kibarua yeyote nje ya safu zetu.

Uliye kazini, jiunge leo. Usingoje barua ya kuachishwa.