Mgeni akitua Embakasi, ni nani atamfikisha mjini?

Kuna jambo ambalo familia nyingi za hapa Nairobi hulichukulia kwa wepesi mno. Mtu wenu anarudi kutoka ng'ambo, au kijana anakuja chuoni kutoka pwani kwa ndege kwa mara ya kwanza, na nyote mnajua siku na saa ya kutua. Mbuzi amenunuliwa. Majirani wamearifiwa. Lakini ukiuliza mgeni huyo atatokaje uwanjani hadi mjini, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Zamani haikuwa hivyo. Nilipokuwa mdogo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mjomba alisafiri kwenda masomoni na tulikodi matatu nzima kumsindikiza. Kulikuwa na wazee, watoto, mchungaji na kikapu cha ndizi ambacho sijui hadi leo kilikuwa cha nani. Kumpeleka mtu uwanjani ilikuwa shughuli ya ukoo, sawa na harusi. Siku hizi ndege si ajabu tena, kwa hivyo tunamwambia mtu, "Ukifika utupigie."

Mimi pia nilisema hivyo.

Mnamo Novemba 2021 binamu yangu, binti wa shangazi, alikuwa anarudi kutoka Doha alikofanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Shangazi alinipigia simu kutoka kijijini akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wetu huko. Mpokee dada yako." Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Siku hiyo nikatoka kazini nikiwa nimechelewa, na unakumbuka hali ya Barabara ya Mombasa wakati huo. Nguzo za barabara ya juu zilikuwa zinajengwa, magari yamebanwa kwenye vijia, vumbi kila mahali. Nilikwama Bellevue kama mti uliopandwa.

Laini yake ya simu ya Kenya ilikuwa imezimwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumiwa. Hakuwa na namna ya kunipata, nami sikuwa na namna ya kumpata. Alisimama nje ya mlango wa abiria zaidi ya saa nzima. Hatimaye bwana mmoja aliyevalia shati safi na tai alimsogelea, akamwita dada, akamshikia kigari cha mizigo. Walipatana shilingi 2,000 hadi mjini. Gari halikuwa na alama yoyote ya teksi, lakini mtu aliyechoka haangalii rangi ya gari.

Walipofika karibu na Uwanja wa Nyayo, bei ilibadilika. Sasa kulikuwa na malipo ya kila sanduku, malipo ya kuegesha, malipo ya msongamano. Jumla shilingi 9,000, na masanduku yalikuwa yamefungiwa ndani ya buti. Binamu yangu alitoa riali 300. Pesa hizo alikuwa amezitenga za mabati ya nyumba ya mama yake. Nilimkuta saa mbili usiku mbele ya duka moja Barabara ya Tom Mboya, ameketi juu ya sanduku, viatu mkononi. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Kaka, nimefika."

Tangu siku hiyo nimejifunza njia ile kama mtu anayejifunza somo alilofeli.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, kama kilomita 15 hivi kutoka katikati mwa jiji. Ulifunguliwa mwaka wa 1958 kwa jina la Embakasi, na baada ya kifo cha Mzee Kenyatta mwaka wa 1978 ukapewa jina lake. Barabara ikiwa nyeupe, nusu saa yatosha. Jioni ya Ijumaa yenye mvua, usitoe ahadi.

Njia ya bei nafuu kabisa ni basi au matatu nambari 34. Wasafiri wengi wa kigeni waliijua hata kabla ya sisi wenyewe kuikumbuka. Itafute nje, upande wa maegesho, na usione haya kumuuliza askari wa uwanja. Nauli yake ni sehemu ndogo sana ya ile ya teksi, ingawa hupanda mvua inyeshapo, na sanduku kubwa makanga atataka ulilipie kana kwamba nalo ni abiria. Huwa inasimama kila mahali. Kwa miaka mingi imeshusha watu karibu na Ambassadeur, lakini vituo vya matatu vya jiji hili huhamishwa mara kwa mara, basi muulize makanga kabla hujaketi. Kwa mwanafunzi mwenye begi moja, saa nne asubuhi, mimi ningemwambia apande 34 bila kusita. Kwa mama mwenye masanduku matatu, giza likiingia, la.

Teksi ni sawa, mradi mpatane bei yote kabla ya sanduku kuingia garini. Nasema bei yote. Tangu barabara ya juu ifunguliwe mwaka wa 2022, swali la kwanza kwa dereva ni hili: tunapita juu au chini, na ada ya juu inalipwa na nani? Barabara hiyo ya kilomita 27 inatoka Mlolongo hadi Westlands, na anayekuja mjini hushukia Haile Selassie au Museum Hill. Inaokoa muda mwingi, sikatai. Lakini nimeona watu wakizozana mbele ya kibanda cha kulipia, magari yakipiga honi nyuma yao, kwa sababu hawakuulizana.

Wale wa kuita gari kwa simu, linganisha nambari ya gari na ile uliyoonyeshwa. Dereva akikuomba ufute safari mlipane mkononi, mwachie safari yake. Ukifanya hivyo hakuna anayejua uko kwenye gari la nani. Na kwa hayo yote unahitaji laini inayofanya kazi na pesa kidogo kwenye M-Pesa, jambo ambalo sikumwambia binamu yangu. Mtu wenu akiwa bado huko aliko, jaribuni laini yake ya Kenya. Ikiwa imekufa, mtumieni nambari zenu aziandike kwenye karatasi, si ndani ya simu peke yake. Anaweza kununua laini mpya uwanjani akitua.

Wewe unayekwenda kupokea nawe, uliza ndege inashusha watu jengo gani. Wengi wa safari za nje hutokea 1A au 1E, na wa Mombasa au Kisumu hutokea 1D. Ukisimama mlango usio wako, utamkosa mtu aliye umbali wa kutembea tu. Tena ujue kwamba langoni kuna ukaguzi wa usalama, kwa hivyo ongeza dakika zako. Na kama tiketi inasema Wilson, huo ni uwanja mwingine kabisa, ulio Barabara ya Lang'ata. Usicheke. Jirani yangu mmoja alisubiri mgeni wa Lamu huko Embakasi mpaka adhuhuri.

Jambo moja zaidi, kwa wale ambao mgeni wao haishii Nairobi. Si lazima aje mjini. Anayeendelea Mombasa kwa treni atashukia kituo cha Syokimau, kilicho karibu zaidi na uwanja kuliko mjini, na wa Kitengela au Machakos hana haja ya kubeba masanduku hadi katikati ya jiji ili ayarudishe njia ile ile.

Binamu yangu alirudi Doha mwaka uliofuata. Anakuja tena Desemba hii, ndege inatua saa kumi jioni, na nimeomba ruhusa kazini siku nzima. Mabati alinunua baadaye, polepole. Shangazi hadi leo anaamini ni mimi niliyempokea mlangoni siku ile, kwa kuwa binti yake hakumwambia lolote, nami sikumsahihisha. Gazeti hili humfikia siku ya Jumanne, likiletwa na dereva wa basi.